Mume, Mke na Kodi ya Mapato: Hiari Ilivyopatikana na Namna ya Kuitumia



Kila mwaka, baada ya hesabu za chama kusomwa na majina ya marehemu wetu kutajwa, kurasa chache za taarifa hii huachiwa ofisi iandike jambo liwezalo kuwafaa wanachama. Mwaka huu tumeonelea tuandike habari za kodi ya mapato kwa watu waliooana, na sababu ni hii.

Mzee mmoja wa chama chetu alitujia na barua mkononi. Bintiye ni muuguzi huko Ireland, naye ameolewa na kijana wa kwetu ambaye bado anasoma na kufanya kazi saa chache. Idara ya kodi ya nchi ile imewajulisha kwamba watu waliooana wana hiari ya njia tatu za kukadiriwa kodi. Mume ataka njia ya pamoja. Binti anasita, naye amemwandikia babaye kuomba shauri. Mzee alituketisha akatuuliza, "Vijana wangu, mshahara wa mwanangu ukiandikwa katika karatasi moja na wa mumewe, je, bado ni wake?"

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulimwomba siku chache, tukasoma. Tuliyoyapata twayaweka hapa ili yamfae kila mwenye mtoto aliyeoa au kuolewa, awe ng'ambo au nyumbani.

KODI YA NYUMBA

Mzee yule alikuwa na haki ya kushuku, kwa kuwa wazee wetu wanakumbuka waliyosimuliwa na baba zao. Mwaka 1901 serikali ya Kiingereza katika nchi hii iliweka kodi ya nyumba, na vibanda vikahesabiwa kimoja kimoja. Mtu mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, alilipia nyumba mbili. Mwenye wanne alilipia nne. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili wanaume wasio na nyumba nao wasiponyoke.

Katika hesabu ile mke hakuulizwa amelima nini wala ameuza nini sokoni. Alihesabiwa kwa paa la nyumba yake, na deni likawa shingoni mwa mume. Mara nyingi mavuno yaliyouzwa ili deni lilipwe yalikuwa jasho la mke yule yule, lakini kazi yake haikuonekana popote katika daftari. Basi mzee aliyelelewa katika masimulizi hayo akisikia kwamba mapato ya bintiye yatahesabiwa pamoja na ya mume, moyo wake hauwezi kutulia.

Aghalabu twadhani kwamba mambo ya namna hiyo yalifanywa kwetu Waafrika tu. Tuliposoma tulikuta kwamba Waingereza waliwafanyia wake zao wenyewe jambo lililo jirani nalo, na kwa muda mrefu zaidi.

SHERIA YA UINGEREZA

Kodi ya mapato ilianzishwa Uingereza mwaka 1799 na Waziri Mkuu William Pitt, apate fedha za vita na Ufaransa. Ilifutwa mwaka 1816, vita vilipokwisha kuisha. Mwaka 1842 Waziri Mkuu Robert Peel akairudisha, na tangu hapo haikuondoka tena. Sheria ya mwaka 1842 ilisema kwamba faida ya mwanamke aliyeolewa, akiwa anaishi na mumewe, ihesabiwe kuwa faida ya mume, na kodi yake idaiwe kwa jina la mume.

Wakati ule jambo hilo halikuwa geni, kwa maana mwanamke wa Kiingereza alipoolewa karibu mali yake yote iliingia mikononi mwa mumewe. Lakini mwaka 1882 Bunge lilipitisha sheria iliyompa mke haki ya kumiliki mali yake na ujira wake mwenyewe. Hapo ikatokea ajabu. Fedha ikawa ya mke mbele ya hakimu, lakini mbele ya mtoza kodi ikabaki kuwa ya mume.

Ajabu hiyo ilifika mbele ya watu wote mwaka 1912. Alikuwako mwalimu mmoja wa London, jina lake Mark Wilks, na mkewe Elizabeth Wilks alikuwa daktari. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa wanawake waliosema kwamba hawatatoa kodi maadamu wananyimwa kura. Chama chao cha kukataa kodi kilikuwa kimeundwa mwaka 1909. Alikataa kulipa, wala hakumpa mumewe hesabu za mapato yake. Serikali haikuweza kumdai mke, kwa kuwa kwa sheria mdaiwa ni mume. Basi Bwana Wilks akatiwa katika gereza la Brixton kwa kodi ya mapato asiyoyajua kiasi chake, ya fedha asiyokuwa na haki ya kuigusa. Watu walipiga kelele, magazeti yakaandika, naye akafunguliwa baada ya muda mfupi.

Mwaka 1914 sheria ilitoa nafuu ndogo: mume na mke wakiomba, kila mmoja aliweza kukadiriwa mbali na kudaiwa sehemu yake. Lakini jumla ya kodi ya nyumba yao haikupungua hata senti moja. Ilipofika mwaka 1971 Bunge liliwaruhusu waliooana kuchagua kwamba ujira wa mke utozwe kodi peke yake. Na tarehe 6 Aprili 1990 kanuni ya zamani ikakoma, kila mtu akawa mlipa kodi kwa nafsi yake. Tangu 1842 hata 1990 ni miaka 148.

KWA NINI KUUNGANISHA KULIUMIZA

Labda mwanachama atauliza: kama fedha ni ile ile, kuna hasara gani ikihesabiwa mahali pamoja? Hasara inatoka katika ngazi za kodi. Kodi ya mapato hupanda kama ngazi, na anayepata zaidi hutozwa sehemu kubwa zaidi katika kile kilichozidi.

Tutoe mfano wa kujifunzia tu. Tuseme sheria inatoza shilingi 10 katika kila 100 kwa shilingi 1,000 za kwanza, na shilingi 30 katika kila 100 kwa kila kinachozidi hapo. Mume anapata 1,000 na mke anapata 1,000. Wakihesabiwa mbalimbali kila mmoja hulipa 100, jumla 200. Wakiunganishwa katika ngazi ya mtu mmoja, 1,000 ya kwanza italipa 100, na 1,000 ya pili italipa 300, jumla 400. Wameongezewa shilingi 200, wala hapana kosa walilotenda ila kuoana. Kama wangaliishi pamoja bila ndoa, wasingalidaiwa nyongeza hiyo.

Neno hili wazee walishike, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Kuunganisha peke yake si kubaya wala si kwema. Kunategemea kama ngazi zimepanuliwa ziwatoshe watu wawili au zimeachwa kwa kipimo cha mmoja.

WALIMU WAWILI WA IRELAND

Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, na kodi ya mapato ilipelekwa huko mwaka 1853. Nchi ile ilipojitawala mwaka 1922 iliendelea na sheria za kodi ilizozirithi, na kanuni ya mke kuhesabiwa ndani ya mume ikiwamo. Mwaka 1937 ilijiandikia Katiba, na katika fungu la 41 dola ikaahidi kuilinda ndoa kwa uangalifu wa pekee.

Katika miaka ya 1970 mume na mke, Francis Murphy na Mary Murphy, wote wawili walimu, waliona kwamba kwa kuunganishwa mapato yao wanalipa zaidi kuliko watu wawili wasiooana wenye mishahara kama yao. Wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: Katiba imeahidi kuilinda ndoa, na sheria ya kodi inaitoza ndoa faini. Serikali ilijibu kwamba waliooana wanapata faida nyingine. Tarehe 25 Januari 1980 Mahakama Kuu Kabisa ya Ireland ilitoa hukumu kwamba mafungu yale ya sheria ya kodi yanapingana na Katiba. Mwaka ule ule Bunge likatunga sheria mpya, na humo ndimo zilimotoka njia tatu anazoulizwa leo binti wa mzee wetu.

NJIA TATU

Njia ya kwanza ni makadirio ya pamoja. Mapato ya wawili hutazamwa pamoja, lakini ngazi zimepanuliwa, na punguzo la kodi lisilotumiwa na mmoja huweza kumfaa mwenziwe, isipokuwa yale mapunguzo yaliyofungwa kwa mtu mmoja mmoja. Mmoja wao huwa ndiye mwenye kujibu mbele ya idara. Wanaweza kumteua wapendavyo. Wasipoteua, huwa ni yule mwenye mapato makubwa zaidi, awe mume au mke.

Njia ya pili ni makadirio yaliyotenganishwa. Jumla ya kodi ya nyumba ni sawasawa na ya njia ya kwanza, lakini kila mmoja hupata mgawo wake wa ngazi na wa punguzo, na kila mmoja hujibu kwa kodi yake mwenyewe. Kisichotumiwa na mmoja kinaweza kumwendea mwingine. Njia hii yataka maombi, nayo huombwa kati ya tarehe 1 Oktoba ya mwaka uliotangulia na tarehe 31 Machi ya mwaka unaohusika.

Njia ya tatu ni kila mtu kuhesabiwa kama asiyeoa wala kuolewa. Hapana kusaidiana kwa ngazi wala kwa punguzo. Kinachobaki bila kutumika kwa mmoja hupotea.

HESABU YENYEWE

Mishahara ya watoto wa mzee hatutaitaja. Tutatumia tarakimu za mfano, pamoja na ngazi na mapunguzo yaliyotumika Ireland katika mwaka 2025. Mwaka ule mtu aliye peke yake alitozwa 20 katika kila 100 kwa yuro 44,000 za kwanza, na 40 katika kila 100 kwa zilizozidi. Waliooana na kukadiriwa pamoja, ngazi ya chini ilikuwa yuro 53,000, tena iliweza kuongezwa kwa kadiri ya mapato ya yule mwenye kupata kidogo, lakini nyongeza isizidi 35,000. Punguzo la nafsi lilikuwa yuro 2,000 kwa mtu mmoja na 4,000 kwa waliooana, na kila mfanyakazi wa mshahara alikuwa na punguzo lake jingine la 2,000. Tozo nyingine za huko, zinazokatwa kwa kila mtu mbali, hatukuzitia katika hesabu hii.

Tuseme mke anapata yuro 52,000 kwa mwaka na mume 18,000.

Wakihesabiwa kila mtu peke yake: mke atatozwa 8,800 kwa ngazi ya chini na 3,200 kwa ile 8,000 iliyozidi, jumla 12,000, tukiondoa mapunguzo yake ya 4,000, atalipa 8,000. Mume atatozwa 3,600, na mapunguzo yake ni 4,000, basi hatalipa kitu, na 400 zitapotea. Kodi ya nyumba ni yuro 8,000.

Wakikadiriwa pamoja: 52,000 zote za mke zimo katika ngazi ya chini, kwa hiyo ni 10,400. Za mume ni 3,600. Jumla ni 14,000. Tukiondoa mapunguzo yote, yaani 8,000, kodi ya nyumba ni yuro 6,000. Wameokoa yuro 2,000.

Wakitenganishiwa makadirio kwa njia ya pili: jumla ni ile ile 6,000. Mume halipi kitu, na 400 alizobakiza zinamwendea mkewe. Mke analipa 6,000 badala ya 8,000.

Tulipofika hapa tulisimama tukatazamana. Njia aliyoiogopa binti ndiyo inayomwondolea yeye mwenyewe mzigo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara mkubwa. Na tena, wasipoteua mtu, mwenye kujibu mbele ya idara ni yeye, wala si mume.

Lakini hofu yake nayo haikuwa ya bure. Katika njia ya pamoja, punguzo la nafsi la 4,000 laweza kupelekwa lote kwa mmoja. Likienda lote kwa mke, yeye atakatwa 4,400 na mume atakatwa 1,600. Jumla bado ni 6,000, lakini bahasha ya mshahara ya mume imepungua na ya mke imeongezeka. Katika nyumba ambayo mume ndiye mwenye mshahara mkubwa, mambo huwa kinyume chake: mke mwenye mshahara mdogo huona mshahara wake umekatwa zaidi, wala haelewi kwa nini. Nyumba imepata faida, lakini faida imeingia mfuko mmoja. Wasiposemezana, ugomvi hautakuwa mbali.

YA KUZINGATIA

Kwa yale tuliyoyasoma, twaona mambo manne yafaa kuandikwa.

Kwanza, wenye mapato yaliyo karibu sawa wasikose usingizi. Mume na mke wanaopata yuro 40,000 kila mmoja, katika mwaka 2025 kodi yao ya mapato ilikuwa ile ile kwa njia zote tatu.

Pili, pale mmoja anapopata nyingi na mwingine kidogo, au hapati kitu kwa kuwa analea watoto, kuhesabiwa kila mtu peke yake huweza kuwapotezea fedha nyingi. Mtu mwenye yuro 60,000 na mwenzi asiye na mapato, katika mwaka ule ule, angelipa 11,200 kwa njia ya tatu na 7,400 kwa njia ya pamoja.

Tatu, wanaotaka faida ya pamoja na huku kila mmoja ajibu kwa jina lake, njia ya pili imewekwa kwa ajili yao. Watunze tarehe ya 31 Machi.

Nne, hesabu ifanywe na wote wawili, karatasi za mishahara yote miwili zikiwa mezani. Bwana Wilks alifungwa kwa hesabu asizoonyeshwa. Nyumba isiyoonyeshana hesabu haiwezi kuchagua vema, hata sheria iwe nzuri namna gani.

HAPA NYUMBANI

Nchi yetu nayo ilirithi kutoka shina lile lile. Kodi ya mapato ilijaribiwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikaangushwa mwaka 1922 kwa upinzani wa walowezi, kisha ikawekwa mwaka 1937, mwaka ule ule Ireland ilipoandika Katiba yake. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1974, tukiwa tumekwisha kujitawala miaka kumi, ilisema bado kwamba mapato ya mwanamke aliyeolewa anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ya mume. Maneno ya mwaka 1842 yalisafiri bahari, yakakaa katika kitabu chetu.

Baadaye sheria ilibadilishwa, mke akaruhusiwa kutoa hesabu yake mwenyewe kwa idara. Na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 45, imesema kwamba waliooana wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika.

Hapa kwetu ngazi za kodi hazikupanuliwa kwa ajili ya ndoa kama zilivyopanuliwa Ireland. Basi ule mfano wetu wa shilingi 200 na 400 ndio unaotuhusu. Mke mwenye mshahara au biashara yake, yafaa atoe hesabu kwa namba yake mwenyewe ya kodi, ili ngazi za chini na punguzo lake vimfae. Ajihadhari pia mapato yake yasiandikwe mara mbili, katika hesabu yake na katika ya mume. Mabwana wanaojaza karatasi kwa niaba ya wake zao bila kuwauliza, twawaomba kwa heshima waache desturi hiyo.

JIBU LA MZEE

Tulimrudia mzee na karatasi ya hesabu. Tulimweleza kwamba mshahara wa bintiye ni wake, na utabaki wake kwa njia yoyote atakayoichagua. Kinachounganishwa ni kipimo cha kodi, si umiliki wa fedha. Tulimwonyesha zile yuro 2,000. Tulimweleza pia habari za walimu wawili waliokwenda mahakamani ili watu kama bintiye waulizwe hiari yao.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama yangu alilima kodi ya nyumba yake kwa mikono yake, na hakuna aliyemuuliza neno. Mwambieni binti akae na mumewe wapige hesabu, wachague ile ya pili."

Tuliandika barua jioni ile ile, naye akaitia sahihi. Jibu lilipofika, maombi yalikuwa yamekwisha kupelekwa, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, nao wawili waliandika sahihi zao chini ya barua.

Twawatakia wanachama wote, na wale walio mbali na nyumbani, mwaka wa heri na hesabu zilizo sawa.